Msichana Hatolewi Siku ya Kwanza

Mimi simwamini mtu anayetabasamu kabla hajakaribishwa kuketi. Kwa hiyo yule kocha wa Kimarekani aliposimama mlangoni petu Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, meno yote nje, hata viatu hajavua, nilimwambia mume wangu kwa Kirundi kwamba huyu ana lake jambo. Juvénal akanifinya mkono ninyamaze. Nikanyamaza kwa mdomo tu.

Watu wa kanisani huniita Mama Shuku wakidhani sisikii. Nasikia. Jina langu ni Spéciose, na shuku sikuzaliwa nayo, nilifundishwa. Nimeishi kambini Kigoma, ambako kila aliyeshuka kwenye gari safi alikuja na ahadi, na ahadi nyingine nazisubiri mpaka leo. Tangu hapo mtu akinitangazia jambo zuri, kwanza naangalia nyuma yake nione kuna nani.

Binti yetu Natacha alizaliwa kambini huko, akakulia hapa Stockholm, akarefuka mpaka ikabidi tuhamishe taa ya jikoni. Urefu ule ulimpendeza Wayne. Wayne ni Mkenya, alisoma Amerika, mchana anafanya kazi ya kompyuta Sundbyberg na jioni anafundisha wasichana mpira wa kikapu. Yeye ndiye aliyemtia Natacha mpira mkononi, na yeye ndiye aliyemtafutia chuo kule Amerika, chuo kidogo, na ufadhili juu yake. Anacheza, wanamsomesha. Anasomea tiba ya viungo. Nilimshuku Wayne tangu mwanzo, maana hakutaka chochote kwetu, hata chakula alikula kidogo.

Natacha alikaa kule miaka miwili, na sehemu kubwa alikaa benchi. Kosa halikuwa lake. Kila majira ya kuchipua kocha wake alileta wachezaji wakubwa waliohama kutoka vyuo vingine, wamekomaa, wamezoea, na mtoto wangu anarudishwa nyuma hatua moja. Wayne alitueleza kwamba zamani mchezaji akihama chuo aliadhibiwa kwa kukaa nje mwaka mzima, kwa hiyo wengi walivumilia walipo. Siku hizi adhabu hakuna. Anayetaka kuhama anahama, hata kila mwaka. Basi mwezi wa nne huu Natacha naye akaweka jina lake kwenye uhamisho.

Sikiliza jinsi mambo hayo yalivyo, uniambie kama si mtego. Ukishaweka jina, makocha wa vyuo vyote wanaruhusiwa kukupigia. Lakini kocha wako naye anaruhusiwa kukunyang'anya nafasi yako, na ufadhili wako unaenda nayo. Kocha wa Natacha hakusubiri. Mtoto akarudi nyumbani na masanduku yake yote, hana timu, na asiye na timu hana masomo wala viza. Alilala sebuleni kwenye kochi, miguu imetokeza nje ya blanketi, simu kifuani, akisubiri iite.

Iliita mara kadhaa. Vyuo vidogo, vyuo vya mbali, kimoja hakikuwa na masomo yake. Kisha akapiga Kocha Prewitt wa chuo kimoja kikubwa, ambacho jina silitaji wasije wakanishtaki. Huyo ndiye Natacha aliyemtaka. Nilimsikia akicheka naye kwenye simu, na binti yangu hakuwa amecheka tangu arudi. Akatuambia kwamba kocha yuko Ulaya akitazama wachezaji, Jumapili atapita Stockholm kabla ya kupanda ndege, na anaomba kuja nyumbani kuonana na wazazi. Wayne atamleta na atatafsiri.

Juvénal aliposikia hivyo aliweka kijiko chini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mtu anatoka mbali. Anakuja kwangu na mshenga. Anakuja kumwomba binti yangu. Bon. Jambo hilo kwetu lina jina."

"Pappa, det är basket," Natacha akasema, yaani baba, huo ni mpira wa kikapu tu. Ndivyo anavyotujibu, sisi kwa Kiswahili au Kirundi, yeye kwa Kiswidi.

"Mpira, ndoa, kuomba ni kuomba. Wewe utakaa chumbani mpaka uitwe."

Natacha akacheka, akasema sawa, kama ndivyo baba anavyofurahi. Nami nilifurahi, sitaficha. Mume wangu ni msimamizi wa majengo ya shule, siku nzima anaambiwa bomba limeziba na mlango haufungi, na hakuna anayemwinukia kwa heshima. Nilipomwona anapiga pasi suti ya harusi za watu wengine, akijisemea maneno chini kwa chini, nilimwona tena kijana aliyekuja kwetu na wazee wake, wakafukuzwa na baba yangu kwa maneno matamu. Wakarudi mara ya pili. Msichana wa watu hatolewi siku ya kwanza. Wageni wakiomba, wenyeji hukana hata kwamba wana binti. Wageni wanajua ni heshima, wanacheka, wanabembeleza, wanarudi na vinywaji zaidi. Anayekubaliwa mara moja anaenda nyumbani akijiuliza msichana ana kasoro gani.

Kwa desturi baba hasemi mwenyewe, anasema msemaji wa ukoo. Lakini ukoo wetu hapa Stockholm ni wa kukusanya kwa taabu, kila mtu ana zamu Jumapili. Juvénal akaamua atajisemea.

Basi kocha akaingia. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, mkononi amebeba kofia moja yenye nembo ya chuo. Kofia moja! Hakuna kreti, hakuna hata soda. Nikaiweka juu ya televisheni. Nikamwekea chai na sambusa, akala tatu na kusifu, nami nikahesabu hilo kuwa ujanja. Simu yake aliilaza mezani kifudifudi, ikawa inatetemeka kila mara kama nzi aliyenaswa, na kila ikitetemeka anaigusa bila kuigeuza. Mtu hafichi uso wa simu bure.

Nikamwambia Wayne amuulize ana wachezaji wangapi.

Wayne akauliza, akasikiliza, akatugeukia. "Anasema timu ni wasichana kumi na watano. Lakini saa hii tisa wameenda."

"Wameenda wapi?"

"Wamehama, Mama Natacha. Wako kwa timu zingine."

Nikamtazama Juvénal. Nyumba inayokimbiwa na wasichana tisa kwa mwaka mmoja, kwetu ungeitwa mkutano wa wazee, na hapa Sweden ungeitwa ustawi wa jamii. Nikasema, muulize anawafanya nini.

Kocha hakukasirika. Alikunja mikono, tabasamu likapungua, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amechoka. Alisema, Wayne akitafsiri kidogokidogo, kwamba timu zote ziko hivyo sasa. Zamani alikuwa akimwona msichana akiwa na miaka kumi na sita, anamfuata, anakula mezani kwa mama yake, anamngoja. Mwaka wa kwanza msichana anajifunza, mwaka wa nne anawafundisha wadogo zake. Timu ilikuwa kama familia, wakubwa na wadogo. Siku hizi kila majira ya kuchipua anabaki na viti vitupu na wiki chache za kuvijaza. Akimfundisha mtu vizuri, chuo kikubwa zaidi kinamchukua. Kwa hiyo naye anachukua kwa wengine. Hapendi, alisema, lakini asipofanya hivyo atafungwa kila mechi na atafukuzwa kazi.

"Huo kwetu unaitwa wizi," nikasema. "Mwambie."

Wayne alikohoa. Alisema kitu kifupi cha Kiingereza, kocha akaitikia kwa kichwa na kunishukuru. Kunishukuru! Nikajua kwamba Wayne hajalitafsiri. Nikaliweka moyoni.

Kisha kocha akasogea ukingoni mwa kiti. Akasema amemtazama Natacha kwenye video nyingi, kwamba anaona mbele kabla wenzake hawajaona, kwamba hamtaki akae benchi. Nafasi iko, ufadhili uko, masomo yake yapo. Anaomba sisi wazazi tukubali. Alisema "anaomba", nami nilimsikia Wayne akilitamka vizuri kabisa.

Juvénal akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Tunawashukuru kwa heshima mliyotupa," akasema kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, polepole, ili Wayne aweze kufuata. "Lakini nadhani mmekosea mlango. Nyumba hii haina msichana wa namna hiyo. Tuliye naye ni mdogo, hajui kupika, hajui kurusha mpira, na mvivu wa kuamka. Na hata kama angekuwepo huyo mnayemtafuta, hatuna haja ya kumtoa. Kuleni, mnywe, mrudi salama mlikotoka. Voilà."

Ilikuwa hotuba nzuri. Ningekuwa peke yangu ningepiga vigelegele. Lakini mama wa binti hatakiwi kuonyesha, kwa hiyo nilikaza uso na kutazama dirishani.

Wayne alikuwa amefungua mdomo. "Mzee Juvénal, uko sure?"

"Sema kama nilivyosema. Usipunguze hata neno moja."

Wayne akasema. Nilimtazama kocha wakati maneno yanamfikia. Aliweka kikombe chini taratibu. Alimtazama Juvénal, akanitazama mimi, akanikuta nimekaza uso. Halafu akasema maneno machache, akasimama, akatupa mkono mmoja mmoja, akavaa viatu vyake. Wayne alisema, bila kututazama, "Anasema anaheshimu. Anasema asante kwa chai." Mlango ukafungwa.

Juvénal akasugua viganja. "Umeona alivyoumia? Anamtaka kweli. Asiyetaka haumii."

"Hakubembeleza," nikasema.

"Ni mgeni wa mambo haya. Wayne atamweleza njiani. Atarudi, au atapiga. Haraka haraka haina baraka."

Natacha akatoka chumbani. Mlango wetu ni mwembamba, alikuwa amesikia kila kitu. "Ameenda?" akauliza, kwa Kiswahili safari hii. Juvénal akamwambia ameenda, asiwe na wasiwasi. Natacha alimtazama baba yake kwa muda, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akarudi chumbani na kufunga. Mimi, mwerevu, nikajisemea kwamba ni aibu ya msichana anayeombwa, na kwamba inampendeza.

Jumatatu kocha hakupiga. Juvénal alienda akanunua kreti ya vinywaji kwa ajili ya ziara ya pili, akaiweka roshani ipate baridi. Jumanne hakupiga. Natacha aliacha kulala na simu kifuani, akawa anaiacha jikoni, na mimi nikaona hilo ni la ajabu lakini nikalipita, kwa sababu akili yangu ilikuwa imekwisha kupata mtu wa kumshika.

Nilikuwa nimempigia Wayne, hapokei. Nimempigia tena, hapokei. Penye moshi pana moto, nikasema. Nikaanza kuunganisha. Wayne ana mtoto wa dada yake, Akeyo, anayemaliza sekondari mwaka huu. Akeyo naye anacheza, nafasi ileile ya Natacha. Neno langu la wizi Wayne alilimeza, lakini maneno ya mume wangu aliyatoa yote, tena kwa uso wa msiba. Nani anajua alisema nini kwa Kiingereza? Natacha alisikia, lakini hakusema, nami sikumuuliza. Nani anajua aliongea nini na kocha ndani ya gari mpaka uwanja wa ndege wa Arlanda? Kila nilivyozidi kufikiri ndivyo nilivyozidi kuona Akeyo amekaa kwenye kiti cha mtoto wangu. Nikaapa nitamwaibisha mbele za watu.

Jumatano nilitoka kazini Sundbyberg, kwenye nyumba ya wazee ninakofua, badala ya kurudi nyumbani nikapanda treni ya kwenda Spånga, ambako Wayne alikuwa na mazoezi. Ukumbi ulinuka mpira na jasho. Wasichana walikuwa wanakimbia, na Akeyo alikuwa kati yao. Nilimwita Wayne kwa sauti ambayo ilisimamisha mazoezi.

"Mwambie huyu Akeyo apakie sanduku!" nikasema. "Si umemuuzia nafasi ya mwanangu? Ulimwambia nini yule kocha?"

Wayne aliwaambia wasichana waendelee. Akanipeleka pembeni, karibu na mabenchi. Nilitegemea atababaika. Alikuwa na hasira kuliko mimi.

"Mama Natacha, mimi nilisema vile Mzee alisema. Hakuna msichana, hatuna haja, rudini. Alinikataza nisipunguze. Sikupunguza."

"Na langu la wizi mbona ulilipunguza?"

"Kwa sababu hiyo ilikuwa matusi! Ya Mzee ilikuwa jibu." Akapumua. "Nimemtafutia huyo msichana simu kwa simu. Halafu mnafukuza mgeni mbele yangu kama mwizi. Ndio maana sishiki simu yenu."

"Hatukumfukuza," nikasema. "Ni kuomba. Siku ya kwanza mtu hukataliwa. Hamna hiyo kwenu?"

Wayne akanitazama. Nikaona jambo linamfikia taratibu, kisha likamfikia lote. Akaketi kwenye benchi.

"Tuko nayo," akasema. "Hata kwetu wazee wanataniana hivyo kwa ayie, siku ya kupeleka mahari. Lakini hiyo ni harusi! Mama, hii ilikuwa basketball."

"Basi mpigie umweleze."

"Nimweleze nini? Alipigia msichana mwingine kwa gari yangu. Hatukuwa tumefika hata Sollentuna, nusu ya njia. Alipiga simu, wakaongea kidogo, akasema asante Mungu, kiti kimejaa." Akasugua uso. "Kabla apige aliniuliza, huyu Natacha ni mtu mzima, si nimuulize mwenyewe? Nikamwambia hiyo familia ni ya heshima. Halafu akaona Natacha amemwandikia tayari."

"Kamwandikia nini?"

"Kwamba anaomba msamaha. Kwamba baba yake hataki, na yeye hawezi kwenda kinyume na baba yake."

Sikuwa na mahali pa kushika. Nikashika kiti.

"Sasa Akeyo..." nikaanza, maana ulimi ulikuwa bado umebaki kwenye vita.

"Akeyo hakupata hata simu moja mwaka huu," Wayne akasema. "Hata moja. Siku hizi hawataki mtoto ametoka shule. Wanataka mwenye amelelewa na kocha mwingine, anakuja kama ameiva. Natacha ndiye alikuwa anatakikana. Chelewa chelewa, Mama Natacha..."

Sikumwacha amalizie. Methali hiyo naijua, mwana anayekutwa si wako.

Kwenye treni ya kurudi nilijaribu kumtafuta mwongo. Ndiyo kazi yangu, na kwa kawaida simkosi. Nikampitia kocha: alisema tisa wameondoka, kweli waliondoka. Alisema ana wiki chache, kweli. Alisema anaheshimu, na aliheshimu, akatuachia hapana yetu kama tulivyompa. Nikampitia Wayne, hana kitu. Katika sebule ile mtu mmoja tu alisema yasiyo kweli, naye alikuwa mume wangu, katika suti iliyopigwa pasi, na mimi nimekaa pembeni nimekaza uso nimsaidie. Mpaka treni inafika nilikuwa nalia waziwazi, na kijana mmoja Mswidi aliniinukia nikae ingawa viti vilikuwa vingi.

Nilimkuta Juvénal mezani akiandika kwenye karatasi maneno ya kumjibu kocha atakapokuja mara ya pili. Ya pili ndiyo ya kukubali, na alitaka iwe nzuri kuliko ya kwanza. Nikamwambia yote, nimesimama, koti mwilini. Alikunja ile karatasi, akaikunja tena.

Natacha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akaja, akaweka simu yake mezani mbele ya baba yake. Ilikuwa picha ya msichana mwenye nywele za dhahabu, anacheka, ameshika jezi ya kile chuo. Chini kocha alikuwa ameandika karibu nyumbani.

Juvénal aliitazama sana. "Wazazi wa huyu," akasema, "waliombwa mara ngapi?"

"Mara moja, Baba. Kwa simu."

"Wakakubali palepale?"

"Palepale."

Akatikisa kichwa, kama anayewasikitikia wale wazazi. "Natacha, mimi nilikuwa nakuinua. Ili wajue wamepata mtu wa maana."

"Du sa nej, pappa," Natacha akasema, ulisema hapana. Sauti yake ilipasuka. "Mambo ya siku ya kwanza hakuna aliyeniambia. Nilifikiri hutaki niende. Nilifikiri umechoka na mimi kuwa mbali, na nikasema basi, kama baba anaumia hivyo, nitabaki. Nimelia siku zote hizi kwa kukuonea huruma!"

Nilitaka kumshika, akaniepuka. Juvénal alibaki ameweka viganja juu ya meza.

Wayne akasamehe, ni mtu mwema, na hilo nimelikubali kwa shida. Aliandikia makocha wengine. Walijibu kwa adabu kwamba wamejaza, kila kitu kilikuwa kimekwenda mbio wiki zile. Akasema pengine kitatokea kiti, kwa kuwa mpaka kiangazi kuna watu watakaohama tena, lakini hakuahidi, na kwa kuwa hakuahidi nikamwamini.

Kisha Jumamosi ya juma lililofuata, asubuhi, Juvénal akatoka chumbani amevaa suti. Alikuwa amenyoa. Alimwomba Natacha ampigie simu Kocha Prewitt na aiweke kwa sauti, tusikie wote.

"Baba, timu imejaa. Umeona picha."

"Piga."

Akapiga. Kule kulikuwa alfajiri bado, lakini kocha akapokea. Juvénal alisimama katikati ya sebule, akafunga kifungo cha koti, akaongea Kiingereza alichokikariri juma zima, na mimi sikujua kwamba alikuwa akikariri. Alisema, kama Natacha alivyonieleza baadaye, kwamba yeye ni baba yake. Alisema ile Jumapili aliongea kama wazee wake, na kosa lilikuwa lake, si la msichana. Alisema sasa yeye ndiye aliyebisha mlango. Kisha akasema neno la kuomba.

Kocha akaongea kwa upole, kwa muda mrefu, na Natacha hakutafsiri. Hapakuwa na haja. Hapana inajulikana kwa lugha yoyote. Juvénal akashukuru, akamtakia Jumamosi njema, simu ikakatwa.

Nilingoja aanguke. Badala yake alitugeukia uso umechangamka.

"Mmesikia? Amekataa vizuri sana. Amekataa kama watu wa kwetu. Sasa ndiyo heshima. Mara ya kwanza hakubali mtu. Jumamosi ijayo tutapiga tena."

Mimi nilimtazama. Nimeolewa naye miaka mingi, na kila akitania hunitupia jicho aone kama nimecheka. Safari hii hakunitazama. Alikuwa akihangaika na tai, na vidole havikuwa vinapata fundo. Nami ninayemshuku kila mtu nikamshuku na yeye, kwamba anajua. Anajua kabisa kwamba kule hapana ni hapana, na amevaa suti asubuhi yote ili mtoto wake amsikie akiomba na kukataliwa. Sijamuuliza mpaka leo.

Natacha alienda roshani, akarudi na chupa mbili kutoka kwenye ile kreti. Akafungua moja, akammiminia baba yake, akampa glasi kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha akiwa mdogo na kama ambavyo hakuwahi kufanya tangu aanze shule ya Kiswidi. Kisha akamfungulia fundo la tai.

"Sawa, Baba," akasema kwa Kiswahili. "Jumamosi. Lakini safari hii mwambie najua kurusha mpira."